Saa ya Mnara na Hati ya Kufika

Inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba kuanzia tarehe mosi Oktoba, hakuna mwanafunzi wa kigeni atakayehesabiwa kuwa amefika Graz kwa sababu tu amefika. Kushuka kwenye treni si kufika. Kulala hosteli si kufika. Kukaa darasani, kuuliza maswali na kuambukizwa mafua yetu si kufika. Amefika yule tu ambaye Idara ya Kuthibitisha Waliofika imethibitisha kuwa amefika, kwa hati yenye nakala sita na muhuri katika kila nakala.

Muhuri ninautunza mimi. Sisemi kwa kujisifu. Mimi ni mtu wa haya, na katika ofisi yetu haya huitwa kutunza siri za kazi. Ndiyo maana nikapewa muhuri.

Mkuu wetu ni Daktari Wallnöfer, aliyeletwa kutoka Vienna miaka mitatu iliyopita. Kabla yake wanafunzi walikuwa wanakuja tu, wanachukua hati, wanaenda zao. Hakukuwa na utaratibu kabisa. Watu walifurahi ovyo ovyo. Daktari akaandika kwa miaka mitatu Mwongozo wenye vifungu arobaini na moja, akaubandika koridoni ndani ya kioo.

Kifungu cha tisa kinasema saa rasmi ya Idara ni saa ya mnara wa kilimani, fahari ya mji wetu. Mwenye miadi aje bila simu, kwa kuwa saa za simu hazina heshima. Atakayechelewa dakika moja ataandikwa kuwa hajafika, na atapata miadi nyingine baada ya siku tisini. Kifungu cha kumi kinasema nafasi ya asiyefika apewe yeyote aliyekaa kwenye benchi la koridoni, ili wino usikauke bure.

Kuusoma mnara ni kazi yangu pia. Dirisha langu linautazama. Dirisha la Daktari linatazama uani, kwenye mapipa ya taka. Kila akitaka saa hupaza sauti, "Mnara unasemaje?" nami humwambia. Kwa miaka mitatu tumeelewana vizuri hivyo.

Katikati ya Oktoba alikuja binti wa Kigiriki, Danai, kutoka Volos. Alikuwa amekuja kwetu kwa muhula mmoja kusomea ujenzi wa madaraja. Miadi yake ilikuwa saa tano na nusu. Aliingia saa saba na dakika kumi, anatabasamu, na harufu ya kahawa inamfuata.

"Habari za asubuhi!" akasema.

"Asubuhi ya wapi, binti?" Daktari akauliza. "Watu wameshakula, wameshasahau walichokula."

"Lakini nimewahi! Nilikuwa uwanjani pale chini, nikatazama mnara. Saa tano na dakika tano. Nikasema ngoja ninywe kahawa moja, nisije nikawasumbua mapema."

"Unasema mnara wetu ni mwongo?"

"Sijasema hivyo, mheshimiwa."

"Mnara haudanganyi. Umekaa pale tangu enzi za babu zetu. Wewe umekaa Graz siku ngapi?"

"Siku kumi na sita."

"Hata moja. Hujafika bado." Akanigeukia. "Andika: hajafika. Siku tisini."

Danai akahesabu kwa vidole, na tabasamu likamwisha. Siku tisini zilimpeleka katikati ya Januari. Orodha ya watahiniwa ilikuwa inafungwa tarehe kumi na tano Desemba. Asiye na Hati ya Kufika hafanyi mtihani hata mmoja, muhula wake unafutwa, na chuo cha kwao kinamrudisha mwaka mzima nyuma.

Nilimsindikiza hadi ngazini. Haya ni haya, lakini moyo nao una kelele zake.

"Dada," nikamnong'oneza, "kwenye mnara wetu mshale mrefu ndio wa saa. Mfupi ndio wa dakika."

Akanitazama kama nimemwambia mto wetu unapanda mlima. "Dunia nzima mrefu ni wa dakika!"

"Zamani mshale ulikuwa mmoja tu, mkubwa, wa saa. Huu wa dakika umekuja baadaye, ukakuta nafasi kubwa imeshachukuliwa. Ofisini pia huwa hivyo."

"Kumbe ile saa tano na dakika tano..."

"Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano."

"Sasa mbona hukumwambia? Ulikuwa umesimama pale pale!"

"Sikuulizwa. Na yeye anajua. Nani aanze kumuuliza Daktari kama anajua kusoma saa?"

Danai alifikiri kidogo. Kisha hakushuka ngazi. Alirudi, akausoma Mwongozo wote ndani ya kioo, vifungu arobaini na moja, akimaliza kimoja anaanza kingine, akasimama sana kwenye cha kumi. Halafu akaketi kwenye benchi.

Tangu siku hiyo kila asipokuwa na kipindi alikuwa benchini na vitabu vyake vya madaraja, anangoja mtu achelewe. Bahati mbaya wenzake walikuwa wameshasikia habari za mnara. Ni yeye aliyewaambia. Wakawa wanafika dakika kumi kabla, mmoja baada ya mwingine, wanamsalimu, wanapata hati, wanaondoka. Nilimwambia, "Dada, wewe unajichimbia shimo." Akasema, "Nisingewaambia ningepata lini usingizi?" Hilo halimo katika Mwongozo, kwa hiyo sikuliandika popote.

Ikafika Desemba. Theluji ikaanguka, na Idara ikapata heshima yake kubwa: Daktari Wallnöfer alikuwa anapewa cheo cha Mshauri wa Kasri. Mfalme hatuna kwa zaidi ya miaka mia, na kasri siku hizi mtu anaingia kwa tiketi, lakini ushauri haujasimama. Daktari alikuwa anastaafu mwisho wa Januari. Kustaafu bila cheo hicho, alituambia, ni kama kuzikwa bila koti.

Mjumbe wa wizara angekuja kwa treni kutoka Vienna tarehe kumi na tatu, ampe hati ya cheo saa tano na nusu kamili. Miadi iliandikwa kitabuni kama miadi yote. Daktari mwenyewe alisisitiza. "Sheria ni msumeno," akasema, "inakata huku na huku." Asubuhi ile akaacha simu yake mezani ili awe mfano mwema, akaenda kwa kinyozi.

Mjumbe alikuwa mama mmoja mfupi, Bi Kniely, mwenye mkoba mweusi na macho ya kuhesabu. Aliingia saa tano na robo. Akausoma Mwongozo wote. Nilimwona anatikisa kichwa kwa furaha kwenye kifungu cha tisa.

"Huu ndio utaratibu," akasema. "Wizarani hatuna kitu kama hiki. Mnara unasemaje?"

"Saa tano na nusu, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Hajafika."

Nikatazama tena.

"Na sasa?"

"Imezidi dakika moja."

"Basi hajafika," akasema Bi Kniely, bila hasira, kama mtu anayefunga dirisha. "Muhuri."

Nikapiga HAJAFIKA juu ya hati ya cheo, chini kidogo ya tai wa nembo ya taifa. Bi Kniely akairudisha mkobani.

"Kifungu cha kumi," akaendelea. "Nani yuko benchini?"

Danai alikuwa ameshasimama, vitabu vimeanguka.

"Mimi, mama!"

"Unataka nini?"

"Kufika."

"Umetokea wapi?"

"Nipo hapa tangu Oktoba, mama. Ila sijafika."

Bi Kniely hakuona ajabu yoyote. Ametumikia wizara miaka thelathini. Akatia saini mwenyewe nakala ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, kwa kuwa aliye juu anaweza kutia saini palipo na pengo la aliye chini. Kisha akatutakia mlo mwema, akala mkate wake wa nyama kwa kusimama, akaondoka kuwahi treni.

Kwa kuwa kila nakala lazima ikauke kabla ya muhuri wa nyingine, nilikuwa bado naimalizia ya sita, na Danai ananipepelea kwa daftari, mlango ulipofunguliwa. Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Daktari aliingia amenyolewa, ananukia manukato na kahawa, na ua kwenye koti.

"Habari za asubuhi!" akasema.

Danai akainua kichwa. "Asubuhi ya wapi, Bwana Daktari?"

"Yuko wapi mjumbe? Hajafika bado? Watu wa Vienna bwana, kwa kuchelewa! Mimi nimetoka kwa kinyozi, nikapita uwanjani, nikatazama mnara: saa tano na dakika tano. Nikasema ngoja nipate kahawa moja. Mhudumu ananitakia mlo mwema muda ule! Watu wa Graz mnaanza kula mapema kweli."

Mimi na Danai tukatazamana. Nikamsogezea Daktari kitabu cha miadi. Akasoma mstari wake. Akaenda dirishani kwangu, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, akaukazia macho mnara, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule.

"Mshale mrefu..." akaanza.

"Ndio wa saa," akasema Danai kwa upole.

"Kwa nini sikuambiwa?"

"Hukuuliza, Bwana Daktari," nikamjibu.

Alihesabu kwa vidole. Siku tisini zilimpeleka katikati ya Machi, na yeye Januari ndiyo mwisho wake. Sauti yake ikawa ndogo, kama yangu.

"Sasa mimi nifanyeje?"

Nilipiga muhuri wa sita, nikampa Danai hati yake, nikafungua mlango wa koridoni.

"Keti pale, Bwana Daktari. Huenda kuna mtu atakayechelewa."

Danai akachukua vitabu vyake akampisha. Benchi lilikuwa bado na joto.