Bibi Katikati ya Sebule

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya. Msimamizi wetu wa huduma za nyumbani ametuita ofisini na kutangaza kwamba kwa Bibi Fundi hatutaendelea kwenda wawili, mimi asubuhi na Dada Taratibu jioni. Atabaki mmoja. Atakayechagua ni Bibi mwenyewe, Jumamosi, mbele ya binti yake. Atakayekosa anapelekwa kwa Afande mstaafu. Ghorofa ya tano, lifti imekufa, na Afande hurusha ndala. Ana shabaha!

Lazima nibaki kwa Bibi. Nyumba iko chini, ina feni, ina kochi. Bibi alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mpaka kiharusi kilipomlegeza mkono wa kulia. Sasa akijifunga vifungo vya gauni, chai inapoa. Mimi humfungia chapchap, kwa huruma. Hunitazama kwa jicho kali sana. Nadhani ni shukrani.

Dada Taratibu eti humwacha ajifungie mwenyewe. Anakaa tu, mikono mapajani, anasubiri. Uvivu mtupu, na bado watu wanamsifu!

Mwishoni Msimamizi akatoa nasaha. Alisema huduma bora ni ile inayomweka mteja katikati. Dada Taratibu akaitikia kwa kichwa, hakuandika chochote. Mimi niliandika na kupigia mstari. Katikati! Kumbe siri yenyewe ni nyepesi hivyo. Na Bibi wa watu siku zote nimemwacha dirishani, pembeni kabisa, kama mwavuli.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweka katikati.

Nilisukuma meza, nikabana viti ukutani, nikahesabu hatua kutoka kila pembe, kisha nikaburuta kiti na Bibi akiwa juu yake. Akauliza kama tunapaka rangi. Nikamwambia hapana, Bibi, hii ndiyo huduma. Akauliza dirisha limenikosea nini.

Sikujua kwamba katikati ya sebule ndiko chini ya feni. Kitambaa chake cha kichwa kikaruka mpaka juu ya kabati. Hilo lingepita. Lililoniumbua ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kumbe kila asubuhi yeye humwinulia Bibi kitana, na Bibi humwonyesha kwa kidole kama koti lake limekaa upande. Leo kaona dirisha tupu. Akaja mbio, kitana mkononi, nyuma yake mteja mwenye shuka shingoni na nusu ya kichwa bado haijanyolewa. Walipoona viti vimepangwa ukutani kama msibani, na Bibi katikati, kichwa wazi, macho amefumba kwa hasira, kinyozi akaangua kilio. Mteja naye akalia, wala hamjui Bibi!

Bibi akafumbua macho. Akamwambia kinyozi anyamaze na afunge koti lake vizuri.

Jioni Dada Taratibu amerudisha kiti dirishani. Hujuma!

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu tena kumsogeza. Bibi akatia fimbo yake kwenye nondo za dirisha na kuing'ang'ania. Nimeahirisha.

Badala yake nimeamua kumzidi Dada Taratibu kwa huruma. Leo Bibi asiguse kitu! Nimemlisha uji kwa kijiko. Nimempangusa mdomo kabla haujachafuka. Binti yake alipopiga simu kuuliza kama mama amelala vizuri, nikapokea mimi: amelala fofofo, amefurahi, na ananisifu sana. Nyuma yangu Bibi akasema ana mdomo. Nikamwambia asijichoshe.

Halafu akasema kwamba enzi zake za cherehani, hata kumpima mtu kola, alianza kwa kumwomba ruhusa ya kugusa shingo. Sijui kola imeingiaje hapo. Wazee huchanganya mambo.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimetumia silaha nzito. Nimemnong'oneza Bibi kwamba Dada Taratibu anapita akisema mishono yake ilikuwa imepinda. Nilitia na chumvi kidogo: eti alisema hata kipofu angeshona vizuri zaidi.

Bibi akauliza ni mshono upi. Nikasema ule wa mbele. Akauliza wa mbele wa nini. Nikasema wa mbele wa... wa jumla. Bibi akacheka mpaka akapaliwa! Akasema Dada Taratibu hajui hata sindano inatungwa upande gani, sembuse kupima mishono. Tena anayezusha habari za ushonaji aanze kwa kujitazama kifuani. Nikajitazama. Kifungo changu cha katikati kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja.

Nimekwisha. Nimeanza kufanya mazoezi ya kukwepa ndala.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika nimechoka, sina mpango wowote. Bibi akaniamuru nivue shati. Nikabaki na fulana. Kisha akanituma kopo la biskuti lililo juu ya kabati, kule nyuma. Alisema Dada Taratibu humkatalia, na binti yake ndiye aliyelificha. Nikaona huo ni unyama. Kumnyima mzee biskuti! Nikampa haraka, huku nikitarajia mbili tatu za kwangu.

Hamkuwa na biskuti. Sindano, nyuzi na vifungo vitupu.

Nikajitupa kwenye kochi kwa uchungu. Nilimwona akilibana shati kwa mkono mgonjwa na kushika sindano kwa wa kushoto. Alijichoma, akaguna, akaanza upya. Nilikusudia kuinuka nimnyang'anye, Mungu ni shahidi. Lakini feni ilikuwa inapuliza vizuri. Nikapitiwa na usingizi.

Nilipoamka shati lilikuwa mapajani mwangu. Shati jeupe, uzi mwekundu, kifungo kimekwenda upande kidogo. Nikakivuta. Hakichezi! Bibi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alisema ndicho kitu cha kwanza kukishona tangu augue, na alikuwa ameshajizika.

Machozi yakanilengalenga. Nadhani ni njaa.

Jumamosi, 8 Machi

NIMECHAGULIWA MIMI!

Tulikaa wote sebuleni: Msimamizi, binti, Dada Taratibu na mimi, shati langu limepigwa pasi. Bibi akasema wengine wote wanampenda, lakini wanampenda kwa kumnyang'anya vitu mkononi. Huyu mwongo, akaninyooshea kidole, ana kila kasoro, na jana alikoroma kama cherehani mbovu. Ila alimwacha amalize. Binti akalia, akaenda kulichukua kopo na kumwekea mama yake dirishani. Dada Taratibu akanipa mkono na kukiri kwamba kwenye sindano yeye angeshindwa kuvumilia. Ameahidi kujirekebisha.

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Lakini ukweli naujua mimi. Kifungo gani? Usingizi gani? Ni ile Jumanne! Asubuhi moja tu ya kukaa katikati, na mwanamke amebadilika kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Msimamizi amepiga simu. Amesema mtu mwenye subira kama yangu ni adimu, kwa hiyo asubuhi nitabaki kwa Bibi, na jioni nitampokea zamu Dada Taratibu kwa Afande. Yaani kushinda nimeshinda, na ndala nimepata!

Sikutetereka. Nimepeleleza. Afande hukaa pembeni, karibu na mlango, ndala zote mkononi. Ndiyo maana ana hasira, maskini. Hakuna aliyewahi kumweka katikati. Tena akiwa katikati, ndala hazifiki mlangoni.

Nimepita kwa Bibi kuazima futi yake ya kupimia, safari hii nisikisie kwa hatua. Aliniuliza ni ya nini. Nikasema ya huduma. Akanitazama weee, kisha akanivisha futi shingoni, taratibu, baada ya kuniomba ruhusa. Akanisihi kitu kimoja tu: nimwulize kwanza Afande mwenyewe anapenda kukaa wapi.

Bibi huyu nampenda, siwezi kumkatalia. Nimemwahidi nitamwuliza, nikishamaliza kumhamisha.