Baraka Iliyoishia Njiani

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuna mtu. Juma Kuu linaanza, nusu ya jiji la Santiago imepanda huku milimani kuoga mtoni, na bwawa langu halijaona hata unyayo. Bwawa zuri! Maporomoko ya mita tisa, maji ya kijani, jiwe la kurukia. Tatizo ni ngazi 340. Nilizichonga mwenyewe, magoti yangu ni mashahidi.

Bwawa la binamu yangu Wilfrido liko chini, mto huohuo, hatua kumi kutoka barabarani. Leo limejaa watu hadi maji hayaonekani.

Mke wangu Nurys kaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba wageni wasipopanda hadi Pasaka tunafunga nyumba na kuhamia Santiago kwa kaka yake, Osiris. Shemeji keshaniwekea kiti mlangoni pa duka lake la vifaa vya ujenzi. Niwe nawakaribisha wanaonunua misumari. Mimi! Nimezaliwa nikisikia maporomoko haya. Mjini sitapata usingizi. Nimechoka hata kabla ya kuhama.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Wazo! Limenijia kanisani, tawi mkononi. Ijumaa Kuu hakuna anayeoga mtoni, maana huku kwetu anayeoga siku hiyo anageuka samaki. Mama mkwe siku hiyo hanawi hata uso. Kwa hiyo Ijumaa bwawa la Wilfrido litakuwa tupu. Sasa je, langu likibarikiwa na padri? Watu wataoga bila kuota magamba. Bwawa pekee milima yote!

Nimemweleza Nurys. Kauliza kama nimekunywa. Nikasema sijanywa. Akasema basi hali ni mbaya zaidi kuliko alivyodhani.

Jumanne, 15 Aprili

Padri Anselmo kacheka mpaka kafuta machozi. Kasema Mungu ana kazi nyingine, si kutengeneza samaki. Ila kakubali kubariki mto ili waogaji wasivunjike miguu. Sawa tu! Baraka ni baraka. Anakuja kesho. Ni mnene na ana miaka sabini, kwa hiyo nimeazima nyumbu wa kubebea mizigo wa jirani yetu, Doña Casilda.

Jumatano, 16 Aprili

Sina nguvu za kuandika.

Nyumbu alikubali ngazi thelathini. Kisha akamwangusha padri polepole, akageuka, akaenda kwao na kofia ya padri mdomoni. Padri akaendelea kwa miguu, kila ngazi ishirini akimwita mtakatifu mwingine. Ngazi ya 212, pale njia inapougusa mto, akakaa chini. Nikamwambia bado kidogo tu, padri. Akasema Bwana wetu alipata mtu wa kumsaidia msalaba, yeye kapewa nyumbu mwizi.

Akanyunyiza maji ya baraka palepale, akafunga kitabu. Nikalalamika kwamba bwawa liko juu! Maji yanashuka, hayapandi! Akajibu kwamba mto ni mmoja. Nimemshika kiuno njia nzima ya kushuka, na kile si kiuno cha mkono mmoja.

Chini alikuwepo Wilfrido na glasi ya juisi ya pasheni. Akataka kujua padri amebariki wapi hasa. Padri hajui kusema uongo. Akamwambia.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Kibao barabarani, rangi nyekundu, kwa Wilfrido: MAJI YALIYOBARIKIWA. HUGEUKI SAMAKI. HAKUNA NGAZI.

Nimekwenda kulalamika. Wazo langu! Wilfrido, kifua wazi, akaniuliza mbele ya watu: "Binamu, baraka ilipita kwako? Haikupita. Imeanzia ngazi ya 212 ikaja kwangu yenyewe. Sasa nifanyeje, niirudishe kwa ndoo?" Mama mmoja ndani ya maji akapiga makofi. Nimerudi juu, na kila ngazi nikapata jibu zuri ambalo nilipaswa kulitoa.

Nurys kapika maharage matamu ya Kwaresima, yenye maziwa, viazi vitamu na vibiskuti. Sufuria mbili, za kugawia majirani. Moja kaipeleka chini. Nikauliza chini wapi. Kasema chini.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mabasi matatu kwa Wilfrido. Nilikaa kwenye jiwe langu nikisikia kelele zao. Hakuna aliyegeuka samaki. Nilitazama kwa makini.

Saa tisa walifika wawili! Mzee na mkewe, kutoka Moca, wakitafuta choo. Nikawaambia waoge, waoge tu, wafurahi. Mzee akavua kiatu kimoja. Mkewe akauliza kama na hapa pamebarikiwa. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini kusema uongo leo, Ijumaa Kuu? Nikasita. Kiatu kikarudi mguuni.

Nililia kidogo. Karibu na maporomoko hakuna anayekusikia. Machozi nilifutia shati, sikunawa. Siku kama ya leo sijaribu bahati.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Nilikuwa nafunga sanduku. Nurys akaingia akasema fungua. Maharage yake yamewatia watu wazimu. Wa mabasi wanauliza yule mama wa maharage yuko wapi, na Wilfrido kampa nafasi ya kudumu kando ya bwawa lake. "Osiris atafute mtu mwingine wa kukaa mlangoni," kasema. Hatuhami! Nimemkumbatia hadi akalalamika mbavu. Kazi yangu ni kushusha sufuria asubuhi na kuipandisha jioni. Nimeokolewa na bwawa la Wilfrido. Inaniuma, lakini nimeokoka.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeshusha sufuria. Wilfrido akapaza sauti: "Mpisheni mchukuzi wangu!" Wangu!

Wakati wa kurudi nikapumzika ngazi ya 212. Mto hapa ni mwembamba sana. Mawe makubwa manne, magogo mawili, na maji yote yanageukia korongo la upande wa pili. Kufikia Jumapili bwawa la Wilfrido litakuwa tope tupu, na kila mgeni itabidi apande kwangu. Nilikuwa wapi siku zote hizi?

Nurys kaniona nikitafuta sululu. Kafurahi sana, anadhani nakwenda kumjengea kibanda cha maharage kule chini. Sijamwambia kitu. Nataka iwe zawadi ya kushtukiza.