Kitabu Changu cha Nyoka

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2024

Leo nimeamua kuwa mwandishi. Asubuhi mwalimu Augustin aliingia katika kibanda changu cha fotokopi, akaweka kurasa arobaini mezani, akaomba nakala mbili. Kitabu cha watoto! Kuhusu ng'ombe: anavyokula, anavyougua, maziwa yanavyopatikana. Ni cha shindano la shirika moja hapa Bunia. Wanataka vitabu vya Kiswahili vya watoto, si hadithi, mambo ya kweli tu. Kitakachoshinda kitachapwa na kugawiwa shule kumi na mbili. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa.

Nikamuuliza amekiandika kwa muda gani. Miaka mitatu! Alizunguka na daktari wa mifugo, akauliza wachungaji mmoja mmoja. Maskini. Augustin na mimi tulifundisha shule moja, vyumba vya jirani. Yeye alibaki, mimi niliombwa kuondoka. Fitina tupu. Sasa mimi, Mathieu Paluku, nishindwe na ng'ombe?

Nimechagua nyoka. Watoto wanapenda nyoka. Sijawahi kumkaribia hata mmoja, lakini nina siku nne.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kurasa kumi na nane! Bila daktari, bila mchungaji. Habari za nyoka wa barabara ya Kilo nilipewa na dereva wa lori aliyekuja kupiga fotokopi karatasi za gari. Waliobaki nimewatoa kichwani.

Ukurasa wa saba ndio fahari yangu: namna ya kumtambua nyoka mwenye sumu. Kichwa cha pembetatu, kimbia. Kichwa cha mviringo, ni rafiki, hana sumu, unaweza kumshika polepole nyuma ya shingo. Mtoto yeyote atakariri.

Nilimsomea mke wangu Kavira akichambua maharagwe. Kavira amekulia Aveba, shambani. Mikono yake ikasimama.

"Iyo ni bongo, papa. Ile kidogo nyeusi ya chini ya udongo iko na kichwa ya muviringo, na inaumaka watu."

Bongo, yaani uongo! Nikamkumbusha kwamba yeye aliishia darasa la nne. Akarudi kwenye maharagwe.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Balaa. Kumbe shirika linataka sahihi ya mtaalamu! Nikaenda sokoni kwa Gaël, anayeuza dawa za minyoo ya mbuzi. Akatia sahihi bila kusoma neno: Dk. Gaël, Mtaalamu wa Wanyama. Aliuliza jambo moja tu, kama picha yake itatokea kwenye jalada. Nikasema ndiyo.

Halafu nakala za Augustin. Niliruka ukurasa wa ishirini na mbili katika zote mbili. Akaja kuzichukua, akasimama pale pale, akahesabu karatasi moja moja akilowesha kidole. Ikabidi nirudie, kwa karatasi zangu mwenyewe! Akanishukuru kwa uvumilivu. Mtu huyu ananichosha.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimepeleka! Nusura nikose. Wanawake walikuwa wanaandamana boulevard nzima na vitenge vyao vya sikukuu, pikipiki hazipiti, nikakimbia kwa miguu. Annie, katibu wa shirika, alikuwa ameshaanza kufunga sanduku. Augustin naye alikuwa hapo. Akanipa mkono, akasema amefurahi kwamba watoto watapata vitabu viwili. Unafiki wa hali ya juu.

Nimetoa nakala kumi za watoto wa avenue yetu. Ya kwanza nilimpa Plamedi, mtoto wa dada yangu Vahwere. Ana miaka tisa. Hajawahi kumiliki kitabu. Akaniuliza mara tatu: "Noko, ni weye uliandika? Weye mwenyewe?" Noko, yaani mimi, ndugu ya mama yake. Akakikumbatia kifuani, akaenda kunawa mikono kabla ya kukifungua.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Baada ya misa Plamedi aliwakalisha watoto kwenye matofali, akawasomea. Ukurasa wa saba aliusema macho yamefumbwa. Niliegemea ukuta kama mpita njia. Macho yalinilowa kidogo. Laiti Augustin angeona!

Jumanne, tarehe 12 Machi

Jana mvua ya kwanza ya msimu.

Asubuhi hii watoto waliona nyoka mdogo mweusi karibu na choo cha dada yangu. Wote walikimbia. Plamedi hakukimbia. Aliinama, akamtazama kichwa. Mviringo. Akawaita wenzake warudi waone. Kisha akamshika polepole nyuma ya shingo.

Walimpeleka hospitali kwa pikipiki, mtoto katikati ya dereva na mama yake. Nilifuata mbio. Nilipofika mkono ulikuwa umevimba kama mkate. Munganga Michel, daktari wa zamu, aliuliza rangi ya nyoka, akafumba macho kidogo. Akaeleza kwamba huyo hashikiki: jino lake linatokea pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa. Na dawa za sumu walizo nazo ni za nyoka wengine. Tungoje.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Vidole viwili vinageuka vyeusi. Vahwere aliniuliza imekuwaje mtoto anayeogopa hata kuku ashike nyoka. Nikajibu kwamba watoto wa siku hizi hawatabiriki.

Kisha nikaondoka haraka, nikapita nyumba kwa nyumba kukusanya nakala zangu. Nilisema kuna makosa madogo ya chapa. Nimepata tisa. Ya kumi iko hospitali, chini ya mto wa Plamedi.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Wamemkata vidole viwili. Mkono wa kuume, ule anaoandikia.

Nilimkuta munganga Michel kando ya kitanda, kitabu changu mkononi. Akauliza kwa sauti ni nani aliyeandika mambo haya. Plamedi akaniwahi.

"Kitabu haina kosa, munganga. Ni miye nilisoma mubaya. Pengine kichwa yake ilikuwa ya pembetatu, sikuangalia muzuri."

Kisha akanitazama kuona kama amenitetea vya kutosha.

Vahwere naye alinitazama. Nilitazama dirisha. Ningeweza kusema, haikuhitaji maneno mengi. Nikasema naenda kutafuta uji.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Augustin alileta maziwa hospitali. Plamedi ni mwanafunzi wake. Augustin alikuwa amekisoma kitabu changu chote, ile nakala ya chini ya mto. Nilijiandaa kwa kelele, nilikuwa hata na majibu, lakini hakupiga kelele. Alinivuta uani, akaniomba twende pamoja kwa Annie tukakiondoe kitabu, halafu nimweleze dada yangu. Alisema atanisindikiza kote, nisione haya.

Nikamwambia wazi kwamba anaogopa kushindwa.

Kisha akasema: "Paluku, mutoto iko na vidole munane." Akaondoka.

Sikupata usingizi. Godoro linahitaji kubadilishwa.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Annie alipiga simu. Ng'ombe wameshinda. Changu walikomea ukurasa wa saba. Mmoja wa waamuzi alikulia kijijini. Annie alinisomea uamuzi kwa sauti ya upole: ni hatari kwa mtoto, kisitumike popote.

Jioni Vahwere alikuja. Kavira alikuwa amemwambia yote. Mke wangu mwenyewe! Vahwere hakulia wala hakunitukana. Alibaki nje ya mlango. Alisema nisikanyage kwake mpaka siku nitakayokuja kumwambia Plamedi, kwa kinywa changu, kwamba hakusoma vibaya. Kwa sababu mtoto anarudia neno hilo kutwa. Amekataa kusoma kwa sauti, anasema yeye ni mjinga wa kusoma.

Nilivaa viatu niende. Nikafika kwenye kona. Vilikuwa vinabana. Nikarudi.

Jumatatu, tarehe 25 Machi

Plamedi amepita mbele ya kibanda na mfuko wa shule. Kila siku baada ya masomo Augustin anamfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Alinipungia ule wenye bandeji. Nilisimama nimwite. Lakini mteja alikuwa anangoja, na mimi mwenyewe nina kazi.

Maana nimetafakari sana, nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nyoka! Kitu kinachotembea, chenye hasira, hakifai kabisa kwa kitabu cha watoto. Wanahitaji kitu kilichotulia. Na mwezi wa tano kuna shindano jingine, la mji mwingine, ambako hawanijui.

Uyoga! Mvua imeanza, watoto wanauokota kila mahali, na hakuna hata kitabu kimoja cha kuwaelekeza. Kufikia saa sita nilikuwa na kurasa kumi na moja. Nilimuuliza Kavira ni upi wenye sumu. Akachukua sufuria yake, akaenda kupikia kwa Vahwere. Basi. Nimemaliza peke yangu, na nimepanga kwa rangi ili hata mdogo kabisa aelewe. Uyoga mwekundu, usiuguse. Uyoga mweupe, kula bila hofu.