Saa Nyeupe ya Wahabi

Jumatatu, 2 Juni 1975

Tangu asubuhi nasalimia watu wa Wandegeya, mtaa wetu hapa Kampala. Wanaitikia huku wanatembea. Zamani walikuwa wanagombania benchi yangu. Sasa mtu akisikia tu nasema "umesikia?" anakumbuka ameacha maharage motoni. Siku hizi wanaogopa mdomo wangu, maana neno moja tu linampoteza mtu. Wote wamehamia kwa Filda, ng'ambo ya barabara. Mume wake polisi, ana redio. Redio inaongea yenyewe, haiulizi mtu kitu.

Lakini nimepata akili. Nina saa ya Wahabi, mume wangu. Tajiri wake Muhindi, aliyekuwa anamwendesha kwa gari, alimwachia siku Wahindi walipofukuzwa nchini. Wahabi alisema kasha lake ni dhahabu nyeupe, nisionyeshe mtu mpaka arudi. Alikwenda bandarini Port Bell kupakia sukari, Ramadhani iliyopita. Bado anapakia.

Kesho naivaa.

Jumanne, 3 Juni

Nimevaa. Ya kiume, inateleza mpaka kwenye kiwiko. Nimekaa nje nimenyoosha mkono kama mtu aliyevunjika. Kila anayepita namwambia dhahabu hii. Filda akavuka kuja kuangalia, na watu wake wote nyuma. Akasema dhahabu ni njano, hata mtoto anajua, hii ni sufuria yenye mishale. Nikasema iko nyeupe pia. Akauliza kama makaa nayo ni meupe. Wakacheka mpaka kwake.

Lakini walisimama kidogo hapa kwangu. Nimeona.

Jumatano, 4 Juni

Nimefikiri labda njano iko ndani. Sabuni hakuna mjini, basi nimesugua kwa majivu na mchanga. Kweli, pembeni ule weupe wa juu ukatoka. Chini kuna rangi kama chai ya maziwa iliyopoa. Si njano, si nyeupe. Nikaogopa. Wahabi akirudi atanuna mwaka mzima. Heri anune, ila anunie hapa nyumbani.

Nikakimbia kwa Kamis, fundi wa saa pale karibu na soko. Akafungua mgongo wa saa, akatia kile kioo chake jichoni, akaona vialama vidogo kama mhuri ndani ya mfuniko. Akaufunga haraka. Halafu akasema, dada yangu, kasha hili linaanza kuoza. Lakini kwa vile sisi ni ndugu, atanipa yake ya njano, tubadilishane. Nikasema nitafikiri. Akasema basi atapita nyumbani kesho.

Atapita nyumbani.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefagia mara mbili. Kamis akaja, na sukari ya magendo ndani ya karatasi. Akakaa kwenye benchi. Nikampa habari zote tangu Ramadhani, hakuna niliyoruka. Yeye ni "ee dada, kweli dada," macho kwenye mkono wangu. Filda aliona nina mgeni. Nilihakikisha anaona.

Alipotaka kubadilishana nikasema saa ya mume haitoki bila dua, arudi kesho. Mimi si mjinga. Nani analeta sukari kwa ajili ya saa inayooza? Lakini nikimpa leo, kesho atakuja kufanya nini?

Ijumaa, 6 Juni

Amekuja baada ya swala. Sukari tena. Nikasema nimeota ndoto mbaya juu ya saa, arudi kesho. Akauma midomo. Akakaa lakini.

Jumamosi, 7 Juni

Leo ameleta na mkate. Habari zangu zimekwisha, nimeanza kutunga. Nimemwambia Filda anaiba mayai. Alipotaja saa, nikasema nangoja ruhusa ya shangazi wa Wahabi kule Bombo. Kamis akasimama. Akasema, dada, shangazi huyo namjua, nilikwenda kwenye maziko yake. Akasema hakanyagi hapa tena, saa na iozee mkononi.

Akafika barabarani. Hakugeuka. Nikamwita, nikavua. Akanifunga ile ya njano yeye mwenyewe, polepole, kama binamu. Nikasema chai iko tayari. Akasema atainywa Jumatatu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepika chai ya watu wawili. Hakuja. Mkono wangu umekuwa kijani chini ya saa, na mishale imesimama. Nilifurahi kidogo. Saa ikifa, lazima fundi. Nikaenda. Kibanda kimepigwa misumari. Wanasema amevuka kwenda Kisumu.

Nikarudi, nikanywa vikombe vyote viwili.

Jumanne, 10 Juni

Filda amevuka barabara, peke yake. Ojok, mume wake, amesikia huko kituoni kwamba Kamis aliuza saa yangu kwa tajiri mmoja wa Ntinda, hao tunaowaita mafuta mingi. Na ilikuwa dhahabu kweli, kasha lote. Akasema, mama wee, Rehemah, umebadilisha dhahabu na kifuniko cha soda! Amenicheka vizuri sana. Akaona mkono wangu wa kijani, akacheka upya mpaka akakaa kwenye benchi.

Nikammiminia chai haraka.

Akauliza Wahabi je, kuna habari? Nikasema bado anapakia. Hapo hakucheka. Aliangalia kikombe tu. Nikamwonyesha tena mkono wa kijani, akacheka kidogo, akabaki. Amekaa mpaka sukari ya Kamis ikaisha. Mayai sikuyataja.

Alipoondoka nilifungua sanduku la Wahabi. Iko pete, nyeupe vile vile. Alisema hii hasa nisionyeshe mtu. Kesho naivaa, nakaa nje na mkono wangu. Nitamwambia Filda ni dhahabu, aje anicheke. Sukari hakuna, tutakunywa chai kavu.