Neno kwa Neno Kitangari

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Nimefika Kitangari jana. Nimefikia kwa mama mdogo, Mama Dadi. Shirika la mataifa linaleta tangi la maji huku juu, na sisi wanafunzi wawili wa Makerere tumechukuliwa kuwa wanagenzi wa ukalimani kwa juma moja. Mmoja atabaki, apelekwe Dar es Salaam. Mwingine arudi na vitabu vyake. Huyo mwingine ni Paulina wa Mkunya. Maskini! Nimemhakikishia mhandisi, Bwana Hansen, kwamba mimi nafasiri neno kwa neno, halidondoki hata moja. Amefurahi. Mama yangu keshatangaza kanisani Masasi kwamba kazi nimepata. Kwa hiyo lazima niipate.

Mama mdogo alishuka bondeni kuteka maji jogoo la kwanza. Anarudi, jua limepanda. Maji yale nikayanawia miguu. Alinitazama sana, sijui kwa nini.

Jumatano, 7 Agosti

Kikao cha majaribio, Mkunya. Mkulima kasema robo saa, Paulina kafasiri kwa sentensi tatu. Nikamnong'oneza Bwana kwamba binti anakata maneno. Akaandika. Kisha akacheka na Paulina! Nimekosa raha kutwa.

Ijumaa ni baraza la hapa: wenye mikorosho waridhie kutoa kiwanja cha tangi. Mkalimani, Paulina. Jioni nikamwendea Mzee Sadallah. Ukoo wake na ukoo wa Paulina ni watani tangu mababu. Nikampa shikamoo yenye uzito, nikamkumbusha kwamba mtani wake anakuja kusimama mbele za watu. Macho yakamng'aa. Hakuhitaji kubembelezwa. Paulina ama atafasiri matusi, ama atayameza mbele ya Bwana. Kotekote amekwisha.

Ijumaa, 9 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Baraza limejaa, kina mama na madebe yao. Mara Bwana Hansen akasema leo mambo ni mazito, anamtaka yule wa neno kwa neno. Mimi! Paulina akakaa pembeni. Nikamkonyeza Mzee Sadallah anyamaze. Akadhani namhimiza.

Akasimama. Akasema binti huyu wa Mkunya ana miguu ya kunguru, tangi lake watalijaza majivu, na Mzungu aliyemleta watamkaanga na mihogo, wamle kabla jua halijatua. Watu wakaangua kicheko. Bwana akanigeukia. Jasho! Nikafasiri yote, hadi mihogo.

Bwana akawa mweupe kuliko alivyokuja. Akauliza kama mzee anasema kweli. Paulina akanyoosha mkono. Nikasema si zamu yake. Ningesema tu kwamba ni utani. Lakini angeuliza nani kauchokoza. Nikajibu kwamba kazi yangu ni maneno. Akakunja ramani. Landrova ikaondoka, kicheko kikakatika. Mama mdogo, aliyekuwa amesimama mbele, akakaa chini vumbini.

Jumamosi, 10 Agosti

Tangi linakwenda Tandahimba. Dar wameshapelekewa simu. Paulina alimwendea Bwana akilia, akamweleza utani. Akajibiwa kwamba yeye anajulikana kwa kupunguza maneno ya watu. Akaja kwangu: "Kaka Nikolao, ulijua." Nikajifanya natafuta peni.

Mzee Sadallah amekaa nje tangu asubuhi, kofia mapajani, anamwuliza kila apitaye kama Wazungu hawana watani. Nimepitia nyuma ya nyumba. Naona aibu. Naiandika ili itoke.

Imetoka.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepata! Bwana anasema mkalimani asiyeogopa kufikisha habari mbaya ni adimu. Alhamisi, Dar es Salaam!

Kuna jambo dogo. Kazi yangu ya kwanza ni barua kwa watu wa Kitangari, kwamba tangi haliji, mwaka huu wala ujao. Niifasiri, kisha kesho niisome barazani mwenyewe. Mama mdogo ameniuliza kama kweli nitasoma mimi. Akachukua debe akashuka bondeni.

Nimewaza sana. Paulina ana moyo mwema, na watu wanampenda. Habari hii kinywani mwake haitawauma mno. Na Bwana hawezi kumlazimisha mgonjwa. Kesho nitaamka sauti imenikauka.

Nimeshaanza kukohoa.