Bakshishi ya Phoebe

Ijumaa, 2 Mei

Mvua tena. Mabwawa ya chumvi kule Marereni yamejaa maji ya mvua na chumvi imeyeyuka ikarudi ilikotoka. Msimamizi ametuambia makarani tukae nyumbani Malindi hadi jua litoke, kwa nusu mshahara. Nusu! Sijamwambia mtu.

Kesho ndiyo Jumamosi, siku yetu ya kula mchana katika mkahawa wa Mkunazini. Mimi, Musyoka wa viatu vya mitumba, Masha wa tuktuk, na Kadii. Tulimaliza kidato cha nne pamoja, na desturi hii hatujaiacha. Nikiikosa meza hiyo sitamwona Kadii wiki nzima. Sina sababu nyingine ya kukaa karibu naye. Nimeitafuta miaka miwili, sijaipata.

Mfukoni: shilingi mia saba na arobaini na tano.

Mkakati: nitaagiza kidogo. Asiyekula halipishwi.

Jumamosi, 3 Mei

Amelipishwa.

Niliagiza viazi karai na glasi ya ukwaju. Mia mbili na hamsini, basi. Nikasema tumbo linanisumbua. Musyoka akaagiza tewa mzima wa kupaka, wali wa nazi na kachumbari sahani mbili, akala mpaka macho ya samaki. Bili: elfu mbili na mia nne. Nikasema kwa upole kwamba pengine leo kila mtu alipe alichokula. Masha akacheka hadi akapaliwa. Musyoka akauliza tangu lini tumekuwa watalii. Tugawe kwa nne kama siku zote. Mia sita! Kwa viazi!

Halafu Kadii akasema tusimsahau Phoebe, dada anayetuhudumia. Tutoe mia mia. Kadii siku hizi anafundisha chekechea, lakini alibeba sinia miaka mitatu katika hoteli moja ya Watamu, na husema mhudumu halishwi na mshahara. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Nikatoa mia yangu kabla ya wote.

Nimebaki na shilingi arobaini na tano, na njaa. Viazi vyenyewe vilikuwa vimepoa.

Jumatano, 7 Mei

Nusu mshahara imeingia. Kodi ya nyumba imeila. Zimebaki mia sita.

Nimefikiri siku nne nikiwa chali kitandani. Pale mezani ni nani asiyepata hasara kamwe? Anayeshika hesabu. Kuanzia sasa michango yote ipite kwenye simu yangu. Wanitumie mimi, nilipe bili mimi, Phoebe nimtumie chake mimi. Nani atapinga? Katika mtihani wa hesabu nilipata C, na hakuna mwingine pale aliyeifikia.

Jumamosi, 10 Mei

Hakuna aliyepinga! Musyoka alisema nimemwondolea mzigo, hesabu humharibia mchuzi. Bili ilikuwa elfu mbili na mia nane. Mia saba kila mtu, na mia ya Phoebe. Nikatumiwa mia nane mara tatu. Nikaongeza mia nne zangu, nikalipa, nikazima simu.

Na Phoebe? Nilikusudia kumtumia. Wallahi, na mimi si Mwislamu. Kidole kilikuwa juu ya namba yake. Lakini nikamwona akicheka na watu wa meza ya dirishani, nikajisemea huyu hana shida. Nitamlipa jua likitoka. Ni mkopo tu, ila aliyekopesha hajapewa habari.

Leo kuku wa kupaka nimekula mimi, paja zima. Kadii akasema mbele ya wote kwamba mimi, Owen, ni mtu wa kuaminika. Nayaandika hapa yasije yakapotea: mtu wa kuaminika. Nilitembea hadi nyumbani Maweni chini ya mvua na sikuihisi.

Jumamosi, 17 Mei

Ushindi mkubwa. Nilitoa hoja kwamba mia ni aibu, maisha yamepanda, tumpe Phoebe mia mbili kila mtu. Kadii akafurahi hadi akanigusa mkono (wa kushoto, juu kidogo ya saa). Bili: elfu mbili na mia nne. Mia sita na mia mbili, mara tatu. Elfu mbili na mia nne kamili! Bili imejilipa yenyewe. Sikutoa hata ndururu, na nilikula biriani.

Kuna jambo moja tu. Phoebe hakucheka leo. Sisi ndio tuliohudumiwa mwisho, wali ukiwa baridi, na sahani ya Musyoka iliwekwa kwa kishindo. Musyoka akanung'unika kwamba watu hawana shukrani. Akainuka kwenda kumshtaki kwa mzee Kombe, mwenye mkahawa. Nikamwambia akae. Nikamwambia subira huvuta heri. Nikamshika hata shati. Hakukaa.

Jumapili, 18 Mei

Masha amepita na tuktuk kunipa habari.

Kumbe Mkunazini bakshishi si ya mhudumu peke yake. Hutiwa katika kopo la maziwa ya unga juu ya friji, kisha hugawiwa wote: mhudumu, wapishi wawili, na mama anayeosha vyombo. Nimekula hapo miaka yote hiyo na sikujua! Musyoka alimwambia Kombe kwamba meza yetu ilimpa Phoebe mia nne wiki iliyopita na mia nane jana. Kombe akaangalia wapishi. Wapishi wakaangalia kopo. Wiki mbili halijaona shilingi ya meza yetu. Phoebe akalia, akasema hajapokea kitu. Wakamwambia mwizi wa kopo anawaibia watoto wa wenzake. Amerudishwa nyumbani hadi ukweli ujulikane. Yeye mwenyewe ana watoto wawili.

Sikula jioni. Chakula hakikuwapo, lakini hata kingekuwapo.

Mkakati: nyamaza.

Jumanne, 20 Mei

Kadii amekuja. Kwangu! Miaka miwili nimeota siku atakayobisha mlango huu, na amebisha nikiwa na kikoi kilichotoboka na chai isiyo na sukari.

Alikuwa ametoka kwa Phoebe. Ameipekua simu yake tangu mwanzo wa mwezi na jina langu halimo. Nikasema ni mtandao. Akauliza mtandao gani. Nikasema mvua huharibu mtandao. Akaomba kuiona simu yangu, na hapo ulimi ukanishinda, nikasema yote: Marereni, nusu mshahara, zile arobaini na tano.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema ningesema tu sina. Wangenilipia, na Musyoka angekuwa wa kwanza. Kibanda chake kilipoungua mwaka ule, ni meza ile ile iliyomlisha miezi mitatu. Kisha akasema kwamba amekuwa akinifikiria muda mrefu, na alikuwa akingoja niseme neno. Alinifikiria hadi Jumapili.

Nilitaka kulia. Nililia baadaye, mlango ulipofungwa.

Ameniachia elfu moja na mia mbili taslimu, hesabu kamili ya wiki mbili, fungu langu likiwamo. Zimetoka kwenye pochi yake. Nitamrudishia kidogo kidogo. Sharti lake: nimpelekee Phoebe mimi mwenyewe, mbele ya Kombe na wapishi, niseme zilikuwa wapi. Nikifanya hivyo, kiti changu cha Jumamosi kipo. Akasema hakuna nafasi nyingine baada ya hii.

Alhamisi, 22 Mei

Nimefanya!

Nilisimama jikoni Mkunazini katikati ya masufuria. Nikampa mzee Kombe shikamoo. Phoebe alikuwa ameitwa, amesimama karibu na mlango kama mgeni. Nikasema kosa ni langu, pesa zilikuwa kwangu, dada huyu hana hatia. Mama wa vyombo akafuta macho, ingawa kulikuwa na vitunguu. Wapishi wakamwomba Phoebe radhi mmoja mmoja. Kombe akamrudishia aproni yake. Phoebe akapokea bahasha yangu kwa mikono miwili, akasema amenisamehe, akaitia mfukoni kwa kuwa wateja walikuwa wakimngoja. Akasema ataifungua juu ya kopo wateja wakipungua.

Nilitoka nikiwa mwepesi. Njiani nilinunua sukari, na sabuni ya kufulia shati la Jumamosi. Jua lilichungulia. Naona mambo yanarudi mahali pake.

Ijumaa, 23 Mei

Ujumbe wa Kadii, saa nne asubuhi. Jana wapishi walihesabu. Kadii alikuwa amewaambia watarajie elfu moja na mia mbili. Phoebe ametoa mfukoni elfu moja na themanini. Wanamuuliza mia moja na ishirini amezipeleka wapi, na safari hii hawataki machozi yake. Kadii ananiuliza kama najua lolote.

Najua, ndiyo! Kuna siri gani hapo? Kutoka Maweni hadi Mkunazini ni nusu saa kwa miguu, tena kwenye matope. Nimezibeba, nimezilinda, nimezikabidhi. Hiyo ni huduma, na huduma ina asilimia kumi yake. Kadii mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mhudumu halishwi na mshahara. Nimemwandikia hesabu yote, mstari kwa mstari: elfu moja na mia mbili, gawa kwa kumi, toa. Nimeirudia mara mbili. Sikukosea hata shilingi.

Sasa ni saa kumi. Ameusoma. Hajajibu. Nadhani bado anaikagua.

Shati la kesho limekauka.