Makochi ya Bi Mahfudha

Alhamisi asubuhi kijiwe chetu cha Chamazi kilichemka kabla ya birika la Benedicta. Simu ya Waziri ilikuwa inazunguka mkono kwa mkono. Kwenye grupu la mtaa mtu karusha video ya makochi ya Bi Mahfudha, yule mjane wa duka la vitambaa. Mabaka ya njano kila mahali, utadhani ramani ya mikoa. Juzi yake walikuja vijana wenye sare na mashine, wakayalowesha mpaka sponji la ndani, wakasepa. Na Jumapili wageni wa posa ya binti yake, Afrah, wanaingia.

"Kwisha habari yake," Waziri akatoa hukumu. Jina lake Stanley, karani mstaafu. Tunamwita Waziri kwa sababu hakuna wizara asiyoiongoza akiwa amekaa. "Pale dawa ni klorini. Nusu chupa, unasugua kwa nguvu, mchezo umeisha."

"Klorini kwenye velveti, Waziri? Utaondoa doa na rangi yake, ubaki na kochi lenye kipara."

Huyo ni Lusungu, mtu wa Mbeya, anayeosha makochi kwa mkono. Mtaji wake ndoo, brashi mbili na furushi la mataulo, ndiyo maana tunamwita Brashi.

"We utaniambia nini?" Waziri akamrukia. "Mashine inayonguruma imeshindwa, sembuse brashi ya viatu!"

Kijiwe kikaangua kicheko. Brashi hakucheka. Tangu mashine ziingie mtaani, wateja wake walikuwa wanampita kama hawamjui.

"Waulizeni kama walitoa vumbi kwanza," akasema. "Vumbi likikutana na maji ni tope. Unaosha kochi au unafinyanga chungu?"

"Haya, we ungefanyaje?" Benedicta akamuuliza huku anamimina kahawa.

"Naanza na brashi kavu mpaka mchanga utoke pembeni. Sabuni naijaribu kwanza kule nyuma, pasipoonekana. Napaka povu tu, siyo maji. Doa nalianzia ukingoni naenda katikati, maana ukianzia katikati linatanuka. Na halisuguliwi. Linagandamizwa na taulo kavu, taulo linyonye."

"Linagandamizwa!" Waziri akapiga paja. "Jamani, kochi lina homa, Brashi anakwenda kulikanda!"

Tulikuwa bado tunajifuta machozi Bi Mahfudha alipotutokea, buibui limekaa upande.

"Shikamoo, Bi Mahfudha!" tukaamkia kama darasa.

"Marahaba. Nani huyo anayekanda makochi?"

Waziri akajikohoza. "Bi mkubwa, mie ushauri wangu, klorini..."

"Stanley, wewe nakujua. Uliniambia mafuta ya taa yanaua kunguni. Kunguni wapo, nyumba ndiyo nusura iungue." Akamgeukia Brashi. "Baba, utaweza?"

Brashi akasimama. "Mama, sikudanganyi. Nitajaribu pembe moja. Ikikataa, nitakwambia imekataa."

"Wale wameniahidi pepo, nawe waniahidi pembe. Haya, twende."

Kuanzia hapo sie wote tukawa na safari za kupita pale kwake. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona Brashi kapiga magoti, taulo lililokuwa jeupe limegeuka rangi ya chai. Analikunja upande msafi, anagandamiza, anahesabu pumzi, anainua. Doa moja lilimla nusu saa. Ijumaa mchana alikuwa kwenye kochi la pili, vidole vimevimba.

Waziri akachungulia dirishani. "Mashine ingemaliza kwa saa moja!"

"Ilimaliza," Brashi akajibu bila kugeuka. "Ndiyo maana nipo hapa."

Jumamosi alasiri mito ilikuwa imesimamishwa wima, feni mbili zinavuma, naye anachana velveti kuelekea upande mmoja, taratibu, kama nywele za mtoto. Rangi ya maziwa ilikuwa imerudi. Bi Mahfudha akagusa kwa nyuma ya kiganja. Pakavu. Akakaa sakafuni.

"Marehemu aliyanunua haya Afrah ana miaka miwili," akasema, akavuta buibui usoni. Brashi akajifanya ana taulo la kukunja.

Jumatatu asubuhi Benedicta hakuwahi hata kutua birika. Kwenye posa alikuwepo, aliitwa kumimina kahawa.

"Jamani! Wageni wameingia, wameyaona makochi, mashaallah kila kona. Mshenga kainama akae, Bi Mahfudha kapiga ukelele: 'Hapo hapana, baba! Zuliani!'"

"Acha fiksi!"

"Haki ya Mungu! Watu tisa, vitambi vyao, chini! Wanakula biriani huku wanayatazama makochi kama wako makumbusho."

"Na posa?" nikauliza.

"Imepokelewa. Baba wa kijana kasema ukoo unaotunza viti namna hii, mwanawe ataishi miaka mia."

Waziri akatikisa kichwa. "Sasa makochi yameoshwa ya nini, kama hakuna wa kuyakalia?"

Brashi alishafungua mdomo amjibu, ikasikika sauti ya Bi Mahfudha kutoka ng'ambo ya barabara:

"Lusungu, baba! Njoo na ndoo yako. Zulia lote mchuzi!"